Korongo Amerudi: Somo Kuhusu Tiyara na Tawakkul



Ndugu zangu wanafunzi, ninaandika haya nikiwa Bursa, mji wa magharibi mwa Uturuki ninakosomea shahada ya pili. Huko nyumbani Uganda mwezi wa Machi ni mvua, na huku ndiyo majira ya machipuko yanaanza. Theluji bado imeshika kilele cha mlima Uludağ, lakini hapa chini mlozi ulioko nyuma ya nyumba tunayopanga umekwisha toa maua. Juu ya bomba la moshi la jirani kuna kiota kikubwa cha vijiti kilichokaa kitupu tangu mwisho wa kiangazi. Wiki ya pili ya mwezi mwenyewe alirudi. Ni korongo mweupe, ncha za mabawa nyeusi, mdomo na miguu myekundu. Nilikuwa uani naanika nguo. Alizunguka mara mbili juu ya paa, akanyoosha miguu, akatua, kisha akalaza kichwa nyuma mpaka kikagusa mgongo na kuanza kugonga mdomo wake kama mtu anayepiga vijiti viwili. Korongo hana sauti ya kuimba. Hiyo ndiyo salamu yake.

Waturuki humpenda sana ndege huyu na humwita Haji Korongo, kwa dhana ya wazee kwamba kila mwaka huenda Makka na kurudi. Makka si kituo chake, lakini njia yake hupita Sham na Sinai, kwa hiyo waliompa jina hilo hawakukosea mbali.

Kuna imani nyingine juu yake, na hiyo ndiyo iliyozua mjadala ndani ya nyumba yetu. Mwenye nyumba wetu ni mama mtu mzima tunayemwita Teyze, kama sisi tunavyosema mama mdogo. Aliponiona nimeinua macho akacheka: "Umemwona angani, mwanangu? Basi mwaka huu ni wa safari kwako." Huo ni msemo wa kawaida hapa: anayemwona korongo wa kwanza wa mwaka akiwa anaruka, atasafiri sana. Mwenzangu wa chumba, kijana wa Bukavu, alikuwa bado amelala. Alipotoka alimkuta ndege amekwisha tua. Teyze akamwambia kwa mzaha, "Wewe utakaa nami."

Tulicheka wote watatu. Lakini usiku mwenzangu hakuwa anacheka. Alikuwa na fomu ya kuomba nafasi ya masomo nchi nyingine, mwisho wa kuipeleka ukiwa mwishoni mwa mwezi, na mwaka jana alikataliwa. Aliniambia, "Kaka, mwaka huu sioni njia. Hata yule ndege amekwisha sema." Fomu ikabaki mezani siku tatu.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Kwa Kiarabu kuitazamia nuksi kunaitwa tiyara, na neno hilo limetoka kwenye tayr, yaani ndege. Waarabu wa zama za Jahiliya, mtu akitaka kusafiri, kuoa au kufanya biashara, alimshtua ndege atoke alipo. Akiruka kuelekea kulia, alifurahi akaendelea na jambo lake. Akiruka kushoto, alirudi nyumbani na kufunga mlango. Baadaye neno likapanuka likaingiza kila kitu ambacho watu hukiogopa kwa dhana tu: mtu fulani, siku fulani, namba fulani. Lakini mzizi wake ukabaki kwa ndege.

Nimeifuatilia lugha hii ndani ya Qur'an na nikaona jambo linalostahili kufikiriwa. Tiyara imetajwa kwa kitenzi chake mahali patatu. Katika Suratul A'raf aya ya 131, watu wa Firauni wakipatwa na baya walilibandika kwa Nabii Musa na waliokuwa pamoja naye. Katika Suratun Naml aya ya 47, Thamudi walimwambia Nabii Saleh kwamba yeye na wafuasi wake ndio nuksi yao. Na katika Suratu Yasin aya ya 18, watu wa mji waliwaambia wajumbe waliotumwa kwao maneno kama hayo hayo, na jibu likaja katika aya inayofuata kwamba nuksi yao wanayo wenyewe. Mara zote tatu wanaosema hivyo ni wale wanaowakadhibisha Mitume. Hakuna hata mahali pamoja ambapo muumini anasema hivyo.

Mtume (s.a.w.) akaja akaikata kabisa. Katika hadithi ya Abu Huraira (r.a.) iliyopokewa na Bukhari na Muslim, amekanusha tiyara na akakanusha pia hama. Katika tafsiri za wanazuoni juu ya hama, moja ni bundi, ambaye Waarabu walimwogopa akitua juu ya nyumba. Nadhani hapo hatuhitaji maelezo marefu. Ni nani kati yetu ambaye hakukulia katika nyumba ambamo bundi akilia juu ya paa usiku, watu wazima huanza kuulizana nani mgonjwa? Maskini bundi, amefuata panya tu.

Lakini yapo mawili ya kupambanua. Kwanza, hisia yenyewe. Muawiya bin Hakam as-Sulami (r.a.) alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa miongoni mwao wapo wanaoitazamia nuksi. Akajibiwa, kwa maana yake, kwamba hilo ni jambo wanalolihisi vifuani mwao, basi lisiwazuie. Hadithi hii iko katika Sahihi Muslim. Tazama jinsi ilivyo na huruma: mtu hakulaumiwa kwa moyo kushtuka. Aliloambiwa ni asirudi nyuma kwa sababu ya mshtuko huo. Mwenzangu hakuwa na kosa pale alipoingiwa na unyonge. Hatari ilikuwa ile fomu iliyobaki mezani.

Pili, neno jema. Mtume (s.a.w.) alikuwa akipenda fa'l, na alipoulizwa ni nini akasema ni neno zuri ambalo mtu hulisikia. Kwa hiyo mgonjwa akisikia mtu anaitwa Salim akafurahi, hakuna ubaya. Amemdhania Mola wake kheri. Basi maneno ya Teyze kwangu, je, ni fa'l au ni tiyara? Nikiyapokea kama dua ya mama mzee anayenitakia safari njema, ni neno jema. Nikiamini kwamba mabawa ya korongo ndiyo yamenifungulia njia, au kwamba miguu yake iliyosimama imemfungia mwenzangu, tayari tumemshirikisha Allah katika jambo lililo Lake peke Yake. Sikumwambia hayo yote Teyze siku ile. Ni mtu wa swala tano, na lilikuwa ni la mzaha. Nilimwambia tu, "Inshallah, Teyze, tukiandikiwa."

Kama ndege hasemi lolote kuhusu mwaka wetu, anasema nini basi? Suratul Mulk aya ya 19 inawauliza watu kama hawawatazami ndege juu yao wakikunjua mabawa na kuyakunja, na inataja kwamba anayewashikilia hewani ni ar-Rahman. Suratun Nahl aya ya 79 inazungumza mfano wa hayo na kusema humo mna ishara kwa wanaoamini. Amri ni kutazama. Kwa hiyo nikaanza kumtazama kweli, na kumsoma.

Korongo huyu ana uzito wa kilo tatu au nne tu, na wale wanaofika Afrika Kusini husafiri kama kilomita 10,000 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mwili wake ni mkubwa mno kwa kupiga mabawa muda wote huo, angechoka akaanguka. Hutegemea hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini jua likishakolea. Huingia ndani ya hewa hiyo, hukunjua mabawa na kuzunguka akipandishwa juu bila kupiga bawa, kisha hushuka kwa kuteleza kilomita nyingi mpaka kwenye hewa nyingine inayopanda. Juu ya bahari hewa hiyo ni haba, ndiyo maana hakati Bahari ya Mediterania moja kwa moja. Makorongo wa upande wa mashariki wa Ulaya huvuka Bosphorus pale Istanbul, hupita Uturuki, Sham, Sinai na Misri, hufuata Nile mpaka Sudan. Wengine hubaki huko na wengine huendelea kupitia kwetu Uganda, Kenya na Tanzania, wakila panzi na viwavi wa mashamba yetu.

Watu wa Ulaya walikaa karne nyingi bila kujua wanakokwenda. Wapo walioamini kwamba ndege wengine hulala chini ya maziwa wakati wa baridi. Kisha mwaka 1822, huko Mecklenburg nchini Ujerumani, akapigwa risasi korongo aliyekuwa na mshale umepenya shingoni, mrefu karibu sentimita 80, na mshale wenyewe ni wa Afrika. Alikuwa ameruka nao mpaka nyumbani. Mpaka leo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock. Mwindaji wetu alikosa mboga ya siku ile, akawapa maprofesa jibu.

Kilichonigusa zaidi ni saa ya kuondoka. Katika safari korongo haruki alfajiri. Hungoja mpaka jua lipashe ardhi na hewa ianze kupanda. Anangoja, lakini anangoja sababu ambayo Allah ameiumba kweli kuwa sababu. Hapa ndipo penye tofauti yote. Mwenye tiyara naye anangoja, ila anangoja kitu ambacho Allah hakukifanya sababu ya chochote: upande aliorukia ndege, sauti ya bundi, jinsi korongo alivyosimama.

Sayyidna Umar (r.a.) amepokea, katika hadithi aliyoitoa Tirmidhi, kwamba lau tungemtegemea Allah ukweli wa kumtegemea, angeturuzuku kama anavyowaruzuku ndege: hutoka asubuhi matumbo matupu na kurudi jioni yameshiba. Wengi huisoma hadithi hii kwa kukaa. Lakini ndege wa hadithi hii ametoka. Na Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kuhusu watu wa Yemen waliokuwa wakienda Hija bila masurufu, wakijiita wenye kutawakali, kisha wakifika Makka wakiomba watu, ndipo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara inayoamrisha kuchukua masurufu.

Hayo ndiyo tuliyoyazungumza na mwenzangu baada ya Isha. Nilimsomea pia hadithi ya Abdullah bin Amr (r.a.) katika Musnad ya Imam Ahmad: anayerudishwa na tiyara kutoka kwenye haja yake ameingia katika shirki, na kafara yake ni kukiri mbele ya Allah kwamba hakuna kheri ila itokayo Kwake, wala ndege ila aliye Wake, wala mungu mwingine zaidi Yake. Alinyamaza kidogo, akaniuliza kama bado nina wino kwenye printa. Fomu ilikwenda Alhamisi. Jibu halijaja.

Kwa ndugu watakaoitumia makala hii kwenye halaqa, someni zile aya tatu pamoja na tafsiri yake, kisha kila mmoja ataje tiyara moja ya kwao, maana Rwanda wanazo, Burundi wanazo, na sisi tunazo. Na mlioko Kampala, wiki hizi mbayuwayu wanajikusanya kwenye nyaya tayari kuelekea kaskazini. Kule Lutembe, njia ya Entebbe, ndege wengi wa majini waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya na Asia nao wanaondoka. Nendeni alasiri mkawatazame kabla hawajaisha.