NENO "FROWARD" NA MAANA ZAKE

Leo napenda kueleza neno moja la Kiingereza lililokwisha kufa katika mazungumzo, ila bado hukutwa katika vitabu vya zamani. Neno lenyewe ni froward. Nalieleza kwa sababu liliwahi kunidanganya, na kosa langu likamdhuru mtu mwingine.

Kabla ya amri ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi warudi kambini Dzaleka, sisi tulikuwa tukikaa Kawale, mjini Lilongwe. Kutoka Kongo nilikuja na Kiswahili na Kifaransa. Kiingereza nilijifunza kwa Biblia kuukuu, ile tafsiri ya mwaka 1611. Katika Mithali nikakuta froward mara nyingi, nami kwa haraka nikalisoma forward, yaani mbele. Nikamwambia mdogo wangu, ambaye darasani alikuwa wa kwanza kunyosha mkono, kwamba maandiko yanawachukia watu wa kujitanguliza. Akaniamini, maana mimi ni kaka yake. Muhula mzima hakunyosha mkono tena.

Tulipofika Dzaleka, mwalimu mmoja mzee akanisahihisha. Tazama vizuri: r hutangulia o. Fro maana yake ni kutoka. Bado linatumika katika usemi to and fro, yaani huku na huko. Ward ni kuelekea upande fulani. Basi mtu aliye froward ni yule anayekupa kisogo unapomwita. Kinyume chake kilikuwa toward, mtoto msikivu. Shakespeare aliyatumia yote mawili mwishoni mwa mchezo wake The Taming of the Shrew. Toward ya maana hiyo nayo imekufa, ila untoward imebaki, yaani jambo lisilofaa au la bahati mbaya.

Sasa tuangalie matumizi yake:

1. Likisemwa juu ya mtoto, maana yake ni mkaidi. Si mtundu tu, kwani mtundu akiitwa huja.

2. Likisemwa juu ya kinywa au moyo, maana yake ni -potovu, kitu kilichopindika.

3. Likisemwa juu ya bwana, maana yake ni mkali, mgumu wa tabia. Ndivyo ilivyo katika Waraka wa Kwanza wa Petro, 2:18, ambapo Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 imetumia neno wakali.

Kwa hiyo neno moja la Kiingereza lataka maneno matatu ya Kiswahili. Lakini msilitumie katika insha zenu, kwani mtahini atadhani mmekosea forward. Lijueni kwa kusomea tu.

Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kuwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Jina lake latokana na neno la Kichewa kuleka, yaani kuacha, ambalo ndugu zetu Warundi husema kureka, ni kama mtu aahidiye, "Nitaacha, sitarudia." Nami niliacha kumfundisha mwenzangu nisilolijua.

Jioni ileile nilimwendea mdogo wangu, nikamweleza kosa langu na kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kaka, basi kesho ninyoshe?"

Nikamjibu, "Nyosha."