Globu za Taa za Gari: Je, Wati Nyingi Ndiyo Mwanga Mwingi?

Mwenye gari la zamani aonapo taa za mbele zimefifia, hushawishika kununua globu za wati 100 badala ya zile za wati 60. Kabla ya kufanya hivyo, yafaa apige hesabu.

Mkondo ni wati kugawanywa kwa volti. Kwa umeme wa volti 12, globu ya wati 60 huhitaji ampea 5. Ya wati 100 huhitaji ampea 8.3. Joto katika waya hulingana na mraba wa mkondo, hivyo hufikia takriban mara 2.8 ya lile la awali. Waya zilizochakaa zaweza kuungua, na gari likashika moto.

Mara nyingi kosa si la globu. Kutu katika viungo vya waya hupunguza volti. Nazo zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa asilimia 30 hivi. Basi washa taa, pima volti za betri, kisha za ncha za globu. Tofauti ikikaribia volti moja, safisha viungo kwanza.

Zoezi: Waya wenye ukinzani wa omu 0.2 hupoteza volti ngapi kwa kila globu iliyotajwa?