SOMO LA HESABU: KUTOA VITABU VYA CHAMA KATIKA KOMPYUTA



Vyama kadhaa vya msingi vimeacha leja za karatasi na sasa hutunza hesabu kwa programu ya kompyuta. Leja ya karatasi ilikuwa na sifa moja tuliyoizoea hata tukaisahau: kila ajuaye kusoma aliweza kuifunua. Hesabu zilizo ndani ya programu hazifunuki hivyo. Leseni ikikoma, au mtunza hesabu akiondoka na neno la siri, chama hakiwezi kumwonyesha mkulima deni lake la pembejeo wala malipo yake ya pili ya kahawa.

Wapo watakaojibu kwamba nakala ya akiba huwekwa kila wiki. Nakala hiyo ni ya lazima, lakini haitoshi. Chukueni mfano wa QuickBooks ya kompyuta ya mezani. Nakala yake ya akiba huishia kwa herufi QBB, nayo imetengenezwa ifunguliwe na QuickBooks yenyewe. Baada ya tarehe 30 Septemba, 2024, kampuni ya Intuit iliacha kuwauzia wateja wapya wa Marekani matoleo kadhaa ya programu hiyo. Sanduku ni la chama, ufunguo ni wa muuzaji.

Kinachotakiwa ni kutoa hesabu zenyewe katika faili la CSV, ambalo ni maandishi matupu: kila ingizo na mstari wake, na alama ya mkato kati ya tarehe, akaunti na kiasi. Faili la PDF hufaa kusomewa mkutanoni, lakini si la kujumlishia.

Katika TallyPrime, amri ya kutoa taarifa hupatikana kwa kubonyeza Alt na E. Kazi hii aifanye mwenye mamlaka kamili katika programu, maana mwenye mamlaka madogo huenda akaona sehemu tu ya hesabu. Achague tarehe za mwaka mzima, si za mwezi uliopo kwenye kioo. Atoe leja kuu, orodha ya akaunti, orodha ya wanachama na urari.

Kisha faili lihakikiwe. Tuseme leja ya mikopo ya pembejeo ilianza mwaka na bakaa ya Sh. 4,200,000, ikatolewa mikopo ya Sh. 9,600,000, na wanachama wakarejesha Sh. 8,150,000. Maingizo ya faili sharti yafikishe Sh. 5,650,000, sawasawa na urari. Yasipofika, kuna kilichobaki ndani.

Hadhari moja. Excel ikifungua CSV moja kwa moja, namba ya mwanachama 00417 hugeuka 417, na namba ya simu hupoteza sifuri ya mbele. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuzwa sifuri tarakimu zake za mwisho. Mwenye akaunti ya benki ndefu ataumia siku ya malipo. Safu hizo ziingizwe kama maandishi, na faili la asili lisiguswe.

Nakala moja ikae katika kabati la chuma na nyingine nje ya ofisi, kila moja pamoja na urari uliotiwa saini. Neno la siri litiwe katika bahasha yenye lakiri na kukabidhiwa Mwenyekiti. Kazi hii ifanywe kila hesabu za mwezi zinapofungwa, na daima kabla ya leseni kufikia kikomo.