Rudi na Begi Moja

*Bibi, mimi ni mwanamume wa miaka 41, naishi Leicester, Uingereza, na karatasi zangu zimekamilika. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee. Mama yangu yuko Ngamiani, Tanga, pamoja na dada yangu. Kwa sababu ya corona nimeshindwa kwenda kumwona. Sasa naona masharti ya safari yanalegezwa, lakini sijui nikate tiketi mwaka huu wa 2022 au nisubiri mambo yatulie kabisa, maana naogopa kufungiwa huko na kupoteza kazi. Mara ya mwisho nilikwenda 2013, msiba wa baba. Nyumba niliyoanza kujenga Pongwe haijapauliwa, na mimi nikirudi nataka nirudi kama mtu. Fedha namtumia mama kila mwezi na kila Jumapili tunaonana kwenye simu. Zamani alikuwa akiniuliza naja lini. Siku hizi ananiuliza tu kama nimekula. Nisafiri lini, na nijiandae vipi?*

*Mbeba Boksi, Leicester*

Mwanangu, barua yako ilikuwa na kurasa nne, na karibu tatu nzima zilikuwa habari za vipimo, fomu na karantini. Nimezikata, maana swali halimo humo. Swali nimelikuta katika sentensi moja uliyoipitisha harakaharaka, kama mtu anayepitisha magendo mbele ya forodha: mara ya mwisho ulikwenda 2013. Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa corona ni janga la dunia Machi 11, 2020. Kutoka msiba wa baba yako hadi siku hiyo ni miaka isiyopungua sita. Miaka yote hiyo ndege zilikuwa zikiondoka Uingereza kila siku, unabadilisha Addis Ababa, Doha au Istanbul, unashuka Dar es Salaam, na hakuna aliyekuingiza kijiti puani. Basi niambie, huo mpaka wa miaka sita aliufunga nani?

Tuhesabu pamoja, kwa kuwa naona umezoea kuhesabu siku za serikali na hujawahi kuhesabu za kwako. Tanzania ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa Aprili 2020, ikafungua anga lake Mei 18 mwaka huohuo. Uingereza ilijifungia ndani miezi ile ya mwanzo, na baadaye ikawataka wanaotoka nje wajitenge, lakini majumbani mwao. Novemba iliwazuia tena watu wake kwa majuma manne. Januari 22, 2021 iliwafungia mlango wasafiri wanaotoka Tanzania, isipokuwa raia na wakaazi wake. Februari 15 ikaja karantini ya hotelini, na Agosti gharama ya mtu mmoja ikapandishwa kutoka pauni 1,750 hadi 2,285. Hapo nakubali bila ubishi: mshahara wa kulea wazee haumudu adhabu ya namna hiyo. Lakini Oktoba 11, 2021 Tanzania ilitolewa katika orodha nyekundu. Ukijumlisha yote kwa ukarimu, corona ilikubana mwaka mmoja na ushei. Wewe hujaonekana Tanga kwa miaka minane na zaidi. Mwaka ule na ushei tumdai corona. Iliyobaki ni yako.

Ulichoniuliza kwa mdomo nikujibu upesi. Nunua tiketi inayokubali kubadilishwa tarehe. Soma masharti ya nchi utakayobadilishia ndege, usisome ya Tanzania na Uingereza peke yake. Cheti cha chanjo kibebe cha karatasi, kwa sababu simu huzima. Kurudi Leicester kumekuwa kwepesi: Februari 11, 2022 Uingereza iliacha kumdai kipimo aliyekamilisha chanjo, ikabakiza fomu ya msafiri tu. Nawe chanjo unayo, kwani Novemba 11, 2021 sheria ya England ilianza kuwabana wafanyakazi wa nyumba za wazee wachanje. Na kama unawaza kumhamishia mama Leicester, huko ni viza, baridi na ngazi; liache.

Unasema usubiri mpaka mambo yatulie kabisa. Mtoto wa Tanga ndiye anayesema hivyo? Hakuna nahodha aliyewahi kungoja bahari iache kuwa na mawimbi. Hungoja msimu, akatweka tanga. Angalia miezi mitatu hii iliyopita. Novemba 26, 2021 kirusi cha Omicron kilipewa jina, na ndani ya siku chache Uingereza ikawa imezirudisha nchi 11 za Afrika katika orodha nyekundu, wakiwamo majirani zetu Malawi, Zambia na Msumbiji. Desemba 15 zote zikatolewa. Falme za Kiarabu ziliwazuia abiria wanaotoka Tanzania Desemba 25, zikawaruhusu tena Januari 29. Utaniambia kwamba huo ndio ushahidi wa hofu yako. Mimi nausoma vingine. Mpaka umeanza kufungwa kwa majuma badala ya miaka, na kitu kinachofungwa kwa majuma hupangiwa akiba, hakiahirishiwi maisha. Mwandikie meneja wako sasa, aridhie kwa maandishi kwamba ukikwama utaongezewa majuma mawili bila malipo. Weka kando kodi ya nyumba ya mwezi mmoja. Hofu yako ya kazi inaishia hapo. Kama bado imebaki hofu nyingine, ujue kwamba haitokani na kazi.

Nayo imebaki, na umeitaja mwenyewe: unataka urudi kama mtu. Nimelitazama neno hilo kwa muda mrefu. Mwanamume anayemwosha mzee asiyemjua, akamlisha, akamgeuza kitandani usiku ili asipate vidonda, kisha akapeleka fedha Tanga kila mwezi, anangoja nini tena ili awe mtu? Anangoja mabati. Kwa maneno mengine, unataka urudi kama kitu: kitu cha kutazamwa, chenye mabegi mawili ya kilo 23, manukato ya kina shangazi, simu za wapwa, na nyumba Pongwe ya kuonyeshwa wageni alasiri. Nyumba ile uliianza ili ikupe pa kufikia, na sasa ndiyo inayokuzuia kufika. Kila mwaka bila paa ni mwaka mwingine wa kutomwona mama, ilhali mama haishi Pongwe. Yuko Ngamiani, kwenye nyumba yenye paa lake, na ndani yake hakuna mlango utakaokushinda kupita kwa sababu ya begi dogo.

Sisemi kwamba aibu hiyo umeitunga. Ni kweli mtaani kwetu anayetoka majuu hupokelewa kwa macho mawili, moja usoni na la pili kwenye mabegi. Ni kweli watakuwapo wa kusema kwamba fulani kaenda Ulaya miaka yote hiyo na karudi kama alivyoondoka. Na utanijibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwamba sisi tuliobaki hatujui pauni inavyopatikana. Sawa. Lakini desturi hii ya kurudi kwa mbwembwe ninyi wenyewe ndio mnaoilipia. Kila anayekuja Desemba na mikopo mgongoni, akagawa, akapiga picha, akaondoka na deni la miaka miwili, anampandishia bei ya kurudi nyumbani yule atakayefuata. Mwisho wake wabeba boksi wengi wanaishi kama wewe: hawajafukuzwa kwao, hawajakatazwa kwao, wamejiwekea tu kiingilio wasichokimudu. Heshima ya mtu haiwezi kuwa kitu kinachopimwa uwanja wa ndege kwa mizani. Mtaa utakusema juma moja, kisha atapatikana mwingine wa kusemwa. Mama hana mwana mwingine wa kumpa nafasi yako.

Labda utaniambia kwamba fedha zako zimefanya kazi ambayo mwili wako usingeifanya: zimelipa dawa, umeme, mganga na fundi. Hilo nalikubali na nakupongeza. Wapo wasiotuma hata salamu. Ila miaka miwili hii ya corona imetupimia jambo ambalo zamani tulikuwa tukilibishania tu. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilitabiri kwamba fedha zinazotumwa makwao na watu walio ughaibuni zingeporomoka kwa asilimia 20 hivi. Hazikuporomoka. Kwa nchi za kipato cha chini na cha kati zilishuka kwa asilimia 1.6 tu, zikafika dola bilioni 540 katika mwaka ambao ndege zilikuwa zimelala viwanjani. Maana yake ni kwamba mpaka ulipofungwa fedha zilipita, watu ndio waliobaki. Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza, tulipata kuona vitu hivyo viwili vimetenganishwa: hapa mtumaji, pale alichotuma. Kama fedha ingekuwa inatosha, mama yako asingepungukiwa na kitu, kwani hukukosa hata mwezi mmoja. Lakini umeniandikia mwenyewe kwamba amebadilika maneno. Alichopungukiwa hakikuwa ndani ya bahasha, wala hakiwezi kutiwa humo.

Na wewe, kuliko watu wote, huna haki ya kulikana hilo. Nyumba za wazee za England zilifungiwa wageni Machi 2020, na ni Machi 8, 2021 ndipo kila mkaazi aliporuhusiwa mgeni mmoja wa kudumu wa kuingia ndani. Katika zile kurasa nilizokata umenieleza jinsi ulivyokuwa ukiwasukuma wazee kwenye viti vyao hadi dirishani, watoto wao wakiwa wamesimama nje kwenye baridi, kiganja kimegusa kioo upande huu na kiganja kingine upande ule. Je, ulimsikia mzee hata mmoja akiuliza mwanawe amekuja na gari gani? Walilia kwa sababu ya kioo. Simu yako ya Jumapili nayo ni kioo, mwanangu, hata kama picha yake ni safi. Tofauti ni kwamba wale walizuiwa na amri ya serikali, ikaondolewa, wakaingia mbio. Wewe amri imeondolewa, bado umesimama nje unangoja mabati.

Kuna pingamizi moja tu linalostahili kukuchelewesha, nawe hukulitaja: unatoka kwenye nyumba ya wazee, unamwendea mzee. Hilo lifanyie kazi kwa makini. Muulize dada yako kama mama amechanja. Nchini mwetu chanjo zilianza kutolewa mwishoni mwa Julai 2021, Rais Samia akachanja hadharani Julai 28, na wazee walikuwa miongoni mwa waliotangulizwa. Kama bado, apelekwe juma hili. Wewe pata dozi ya nyongeza, pima kabla ya kuondoka, na siku za kwanza kaeni barazani penye upepo, usilale chumba kimoja naye. Tahadhari ya namna hii ina mwanzo na mwisho, na hilo ndilo linaloitofautisha na kisingizio.

Sasa nikupangie safari. Ramadhani ya mwaka huu wa 2022 inaingia mwanzoni mwa Aprili, masika yakiwa yameshika. Nenda wakati huo. Usingoje Idi, usingoje Desemba, kwa sababu hizo ndizo nyakati za kujionyesha. Wakati wa masika barabara za mitaa zimejaa madimbwi, na watu wako ndani wanasikiliza mvua juu ya bati. Anayerudi wakati huo amerudi kwa ajili ya mtu. Chukua begi moja. Mtilie mama kitu kimoja anachokihitaji, miwani au sweta jepesi la asubuhi za mvua. Wengine wote wape mkono na uwaulize hali. Atakayekudai zawadi mwambie umekuja kufuturu na mama, na umwache amalize sentensi yake peke yake. Pongwe usipite juma la kwanza. Wahenga wa pwani yetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Hawakusema kwamba lazima arejee na shehena.

Limebaki lile ulilolitaja mwisho bila kulisemea neno, kwamba mama ameacha kuuliza unakuja lini. Nahofia wewe ulishusha pumzi, ukadhani amezoea. Mama hazoei. Kwa miaka mingi alikuuliza, ukamjibu mwakani, ukamjibu nyumba ikiisha, ukamjibu corona ikipungua. Akatambua kwamba kila anapouliza anakusukuma useme uongo, na mzazi hapendi kumwona mwanawe akisema uongo, hata kupitia simu. Akachagua swali ambalo unaweza kulijibu kwa ukweli. Ndiyo maana anakuuliza kama umekula.

Kwa hiyo kata tiketi kabla ya Jumapili, usimpigie kwanza. Ukishaikata, mpigie saa ileile ya siku zote, mwache asalimie, mwache alalamike miguu, mwache aulize swali lake. Mwambie bado hujala, utakula kwake, na umtajie tarehe.