Nyoka wa Nchi ya Jalidi

Katika nchi za Afrika ya Mashariki watu wengi humjua kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe. Ni nyoka mnene, mvivu wa kwenda, naye hupenda kulala njiani; ndiyo sababu mtu asiyetazama huweza kumkanyaga. Lakini anaye ndugu mdogo sana, ambaye ni watu wachache tu waliopata kumwona, maana makao yake ni juu milimani, mahali ambapo mtu angedhani nyoka hawezi kuishi kabisa.

Nyoka huyu hapatikani mahali pengine po pote duniani ila katika Mlima Kenya na katika milima ya Nyandarua, ambayo Wazungu waliiita Aberdare. Hakai msituni. Hukaa juu ya msitu, katika nyika za nyasi zilizo kati ya futi 9,000 na futi 12,500 hivi juu ya bahari. Huko nyasi humea kwa mafungu makubwa yaliyoachana, na upepo huvuma bila kizuizi. Mchana jua huwaka kali. Usiku jalidi huanguka, na asubuhi vidimbwi vya maji huonekana vimefanya ngozi ya barafu.

Sasa fikiri habari ya joto la mwili. Kuku hujitia joto mwenyewe kwa nguvu ya chakula alacho. Ukimshika usiku wa baridi utamwona ana moto chini ya manyoya. Nyoka hana uwezo huo. Yeye hupata joto kwa jua na kwa ardhi iliyopigwa na jua, na vitu hivyo vikipoa naye hupoa, asiweze kuwinda wala kukimbia, wala chakula kilicho tumboni mwake hakisagiki vema. Kwa hiyo kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo aonavyo nyoka wachache zaidi. Yawezekanaje basi huyu mmoja akae mahali pa jalidi?

Jambo moja limsaidialo ni udogo wake. Kwa kawaida urefu wake ni inchi 8 hata 12, na mrefu kupita wote hazidi inchi 14 hivi. Wengi wao wangelala juu ya rula ya shule bila mkia kupita mwisho. Kila mpishi ajua kwamba chungu kidogo hupata moto upesi kuliko sufuria ya karamu. Mwili mdogo ni vivyo hivyo: jua likitoka kwa muda mfupi tu katikati ya mawingu, nyoka huyu huwahi kupata joto la kumtosha kwenda kutafuta mijusi, vinyonga na vyura wadogo. Rangi yake ni ya kijivu au kahawia, yenye madoa meusi ya pembe tatu mgongoni, na akilala katika nyasi kavu ni shida kumtambua. Jua likifichwa, hurudi ndani ya fungu la nyasi. Usiku hulala humo humo, maana majani yaliyosongamana huzuia jalidi kama blanketi.

Jambo la ajabu zaidi ni uzazi wake. Nyoka wengi hutaga mayai na kuyaacha ardhini, nayo ardhi yenye joto huyaangua. Katika ardhi ya huko juu mayai yangekufa kwa baridi. Lakini kifutu huyu hazai mayai. Huwachukua watoto tumboni hata wawe tayari, na kila aotapo jua, nao huota pamoja naye. Huzaa wachache tu, kama wawili au watatu, ambapo kifutu mkubwa wa nchi za chini huzaa makumi.

Sumu anayo kama jamaa zake, wala si wa kushikwa kwa mkono.

Mwaka 1910 Boulenger, mtaalamu wa London, ndiye aliyemwandika kwanza, akampa jina la daktari Hinde aliyetumika katika nchi ile. Akamhesabu pamoja na vifutu wa Ulaya. Mwaka 1996 Broadley alimtenga, akamweka katika ukoo wake peke yake, na kwa maoni ya wengi hilo lilikuwa jambo la haki.

Kati ya milima hiyo miwili iko nchi ya Nyeri, yenye joto na mashamba, ambayo nyoka wa nyika za juu hawezi kuivuka. Basi wale wa Kenya na wale wa Nyandarua wamekaa kama watu wa visiwa viwili wasio na mtumbwi. Sehemu kubwa ya makao yao ni hifadhi, ile ya Mlima Kenya tangu 1949 na ile ya Nyandarua tangu 1950. Lakini moto hauzuiliwi na mpaka. Machi 2012 moto mkubwa uliunguza Mlima Kenya, na Februari 2022 ukaunguza nyika za Nyandarua. Nyasi zikiungua, blanketi lao limeungua.

Tena dunia inazidi kuwa na joto, na barafu ya Mlima Kenya imekwisha kupungua sana. Joto likipanda mlima, viumbe wa baridi hupanda mbele yake. Mlima Kenya una futi 17,057, ijapokuwa sehemu ya juu ni mawe matupu. Kilele kirefu cha Nyandarua ni futi 13,120 tu, na vifutu wa huko wamekwisha kukaa karibu nacho.