MAKOSA YETU KATIKA KUTENGENEZA NDEGE NDOGO YA VITA, NA NAMNA TULIVYOYASAHIHISHA



Wengi wenu mliiona ile ndege ndogo juu ya kabati la vitabu, mkasema ni nzuri. Asanteni. Lakini mliona ile iliyokwisha tu, si ile iliyobomolewa mara tatu. Sisi watano wa mwaka wa mwisho tumeona heri tuandike habari za makosa, maana uzuri wa kitu unaonekana wenyewe bila kuandikwa.

1. NI NDEGE GANI?

Mzazi mmoja alituuliza: "Ninyi watoto, mmekosa kitu kingine cha kutengeneza, mpaka ndege ya vita?" Ulizo lake ni la haki. Kwetu hapa vita si hadithi, na jina la Kamanyola lenyewe lilipewa divisheni ya jeshi wakati wa Rais Mobutu. Jibu letu ni hili: ndege hii ni sehemu ya historia ya ziwa letu, na mtu asiyejua historia ya kwao huelezwa na wengine.

Katika vita kuu ya kwanza, Wajerumani walitawala Kigoma, na Wabelgiji walikuwa ng'ambo ya huku. Wajerumani walikuwa na meli kubwa, Graf von Götzen, iliyoingia majini mwaka 1915. Uingereza iliwaazima Wabelgiji ndege nne za maji aina ya Short 827. Zilisafirishwa kwa vipande, ndani ya masanduku, kwa meli, kwa mto na kwa reli, mpaka karibu na Kalemie, ambayo zamani iliitwa Albertville. Mwezi wa Juni 1916 zilianza kutupa mabomu Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha meli yao wakati wa kukimbia. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Ndiyo ile ile ambayo wazee wengi wa kando ya ziwa wanaijua.

Mmoja wa marubani alikuwa Mbelgiji Aimé Behaeghe. Hakuuawa kwa risasi. Alikufa kwa ugonjwa kule Niemba, Desemba 1916.

2. KOSA LA HESABU

Short 827 ilikuwa na upana wa mita 16.43 toka ncha ya bawa mpaka ncha, urefu wa mita 10.74, na kimo cha mita 4.11. Tulichagua kipimo cha 1 kwa 50, ni kusema sentimeta 50 za kweli zinakuwa sentimeta 1. Hesabu ni hii:

Upana: 1643 : 50 = sm 32.9
Urefu: 1074 : 50 = sm 21.5
Kimo: 411 : 50 = sm 8.2

Mwenzetu mmoja alisoma 16.43 akaikata mianzi ya sm 16.4. Aligeuza mita kuwa sentimeta tu, na hicho ni kipimo cha 1 kwa 100. Kumbe mwili wa ndege tuliufanya kwa 1 kwa 50! Tulipoviunganisha, mabawa yalikuwa mafupi kuliko mwili. Tulicheka sana, lakini mianzi ilikuwa imekwisha kukatwa.

Dawa yake: andika vipimo vyote katika jedwali moja kabla ya kushika kisu, na mtu wa pili afanye hesabu upya bila kutazama jibu la wa kwanza. Mianzi mifupi tusiitupe. Ilitufaa kwa nguzo zinazoshika bawa la juu na la chini.

3. KOSA LA KUDHANI

Tulidhani bawa la juu na la chini ni sawasawa. Tulipotazama picha vizuri, tuliona la chini ni fupi kuliko la juu. Hatukuwa na namba ya bawa la chini, basi tukalipima kwenye picha kwa rula: tulipima la juu, tukapima la chini, tukagawanya. Sehemu ile tuliizidisha kwa 32.9. Lakini angalieni, njia hii ni nzuri kwa picha iliyopigwa kwa mbele tu. Picha ya upande inadanganya, kwa sababu kitu cha mbali huonekana kidogo.

4. KOSA LA KUPINDA

Hata vipimo vikiwa vizuri, ndege inaweza kukaa mshazari. Macho hayatoshi. Chukua uzi, funga kwenye mkia, vuta mpaka ncha ya bawa la kuume, tia alama. Peleka uzi ule ule mpaka ncha ya kushoto. Alama isipofika mahali pamoja, bawa limekwenda mbele au nyuma. Yetu ilitofautiana karibu sm 1.

Hapo tulishukuru kwamba tulitumia gundi ya unga wa muhogo uliopikwa. Kitambaa chenye maji ya moto kidogo kiliilegeza, tukasogeza bawa, tukafunga kwa uzi mpaka asubuhi. Gundi kali ya dukani isingeturuhusu. Basi kanuni ni hii: mpaka umekwisha kupima, shikisha kwa kitu kinachoweza kufunguliwa.

5. KOSA LA UZITO

Ndege hii hutua juu ya maji kwa maboya. Tuliiweka ndani ya beseni, mkia ukazama. Katika ndege ya kweli mota nzito ilikuwa mbele, yetu ilikuwa na karatasi tu mbele.

Mwalimu wa fizika alitukumbusha: uzito mara umbali. Tulitundika misumari midogo puani, sm 6 toka mahali pa usawa, mpaka ndege ikasimama sawa. Ilihitajika misumari 6. Mkia uko sm 12, mara mbili ya umbali ule. Kwa hiyo ziada ya mkia ilikuwa sawa na misumari 3 tu (6 x 6 = 3 x 12). Badala ya kuongeza sana mbele, tulichonga mti wa mkia tukaondoa uzito kama wa misumari 2. Ikabaki kutia misumari 2 mbele, basi.

6. KOSA AMBALO SI LA NDEGE

Hili tuliliweka mwisho kwa sababu linatuchoma.

Asubuhi moja tulikuta bawa la juu limejikunja kama jani kavu. Jana yake mwanafunzi mmoja wa madarasa ya chini alifagia chumba kile. Ninyi mnajua ni sisi tunaoandika majina ya wakosaji. Tukaandika jina lake. Alisema, "Wakubwa, sikuligusa." Hatukumsikiliza. Alichota maji jioni tatu.

Tukatengeneza bawa la pili, tukalifungia kabatini, na ufunguo ukalala kwetu. Asubuhi nalo limejikunja vile vile.

Ndipo tulipotafuta sababu kwa akili. Tulikuwa tumepaka gundi ya maji upande mmoja tu wa karatasi. Karatasi iliyolowa ikikauka hujivuta, nayo huvuta mianzi. Upande wa pili haukuwa na kitu cha kuuvuta. Dawa yake haikuchukua hata dakika kumi: lowesha kidogo upande wa pili, laza bawa juu ya ubao ulio sawa, weka mawe juu, acha likauke polepole kivulini. Mabawa yote mawili yalinyooka.

Lakini zile jioni tatu hatukuweza kuzinyoosha kwa maji na mawe. Tulikwenda bwenini kwake, mbele ya wenzake wale wale waliomwona akiadhibiwa, tukasema: "Mdogo wetu, kosa lilikuwa letu. Utusamehe." Jina lake tulilifuta katika daftari, na jioni tatu zilizofuata tulichota maji sisi. Yeye hakusema mengi. Aliuliza tu kama anaweza kuja kutazama kazi. Zile nyuzi nyembamba kati ya mabawa, ambazo wengi mmezisifu, alizifunga yeye.

Tangu siku ile tumepatana: kitu kikiharibika, kwanza tunauliza kazi ya mikono yetu, halafu ndipo tunauliza watu.

MAULIZO YA KUJIFUNZA

1. Ndege ina upana wa mita 12. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, mfano wake utakuwa na sentimeta ngapi?
2. Kwa nini karatasi iliyopakwa gundi upande mmoja hujikunja?
3. Mkia umezidi kwa gramu 4, sm 15 toka mahali pa usawa. Utatia gramu ngapi mbele, sm 10 toka pale?
4. Je, kuna mtu uliyemtwika kosa kabla ya kulichunguza? Ulizo hili usilijibu kwenye karatasi. Nenda kwake.