Miche ya shule ihesabiwe Oktoba

Mwaka wangu wa kwanza kama mlezi wa klabu ya mazingira tulipanda miche 200 kwa asubuhi moja. Ilikuwa 1 Aprili, Siku ya Taifa ya Kupanda Miti. Wageni walikuja, wanafunzi wakaimba, picha zikapigwa. Oktoba nikaizunguka shule na daftari mkononi: ilikuwa imebaki 14. Mtoto mmoja wa darasa la nne akanifuata. "Mwalimu, mbona wangu umekufa na nilikuwa naumwagilia kila siku?" Sikuwa na la kumjibu.

Nilianza kung'oa miche iliyokauka. Mingi ilitoka na kiriba chake, mizizi imejizungusha ndani kama uzi kwenye kibonge. Wa yule mtoto ulikuwa mmojawapo. Alikuwa akimwagilia mti uliofungwa ndani ya nailoni. Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowafundisha wanaklabu ni kuchana kiriba chote kwa wembe na kukitoa, bila kuvunja udongo ulioshika mizizi.

Kosa la pili lilikuwa tarehe. Sisi wa Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba mwishoni au Desemba na kuishia Aprili. Mche wa Aprili hukutana na kiangazi mizizi yake ikiwa bado haijashuka. Siku hizi tunachimba mashimo Novemba na kupanda Januari shule zikifunguliwa, ardhi ikiwa imeshalowa. Siku ya 1 Aprili tunaitumia kupalilia na kuweka matandazo ya nyasi kavu.

Shimo liwe na sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Udongo wa juu uweke kando, uuchanganye na samadi iliyooza, na huo ndio utangulie kurudi. Usilijaze shimo hadi juu. Acha kisahani kitakachokinga maji. Zungushia matawi ya miiba siku hiyohiyo, maana mbuzi hawasubiri kesho.

Maji ndiyo yanayowakatisha tamaa wengi. Kila darasa letu lina kibuyu chirizi: dumu la lita 5 lililoning'inizwa kwenye mti wa juu na kuunganishwa kwa kamba na mti wa kukanyagia. Tunakisimika pembeni ya mche, na kila baada ya siku chache tunakihamishia mwingine. Watoto 50 wakinawa kabla ya uji, mche umekunywa. Shida inabaki likizo ya mwezi wa sita. Tuliipeleka kwenye kikao cha wazazi, tukapanga zamu za wanafunzi wanaoishi jirani na shule, majina yakabandikwa mlangoni mwa ofisi.

Kuna miti mingine haihitaji hata tone la maji yenu. Nyuma ya uwanja wetu wa mpira kulikuwa na visiki ambavyo kila mwaka vilichipua na kufyekwa wakati wa usafi. Tukaacha kuvifyeka. Kwenye kila kisiki tulichagua machipukizi matatu yaliyonyooka, tukakata mengine, tukapogoa matawi ya chini, tukafunga kitambaa ili kila mtu ajue kina mwenyewe. Huku kwetu mbinu hii inaitwa kisiki hai. Kule Niger wakulima wamerudisha miti kwa njia hiyohiyo kwenye mamilioni ya hekta. Mizizi iko chini tangu zamani, nayo inayafikia maji ambayo mche wa kitaluni utayafikia baada ya miaka. Ningekuwa naanza upya, ningeanzia hapo.

Halafu angalia jikoni. Zamani kila mwanafunzi alikuja na kuni Jumatatu, na kuni hizo zilitoka kwenye vichaka vilevile tunavyotaka virudi. Tumejenga jiko banifu la udongo na matofali, na kuni zinazochemsha uji zimepungua sana.

Oktoba iliyopita nilihesabu tena. Kati ya miche 60 tuliyopanda Januari, 47 ilikuwa hai. Yule mtoto sasa yuko darasa la saba, na mwarobaini aliopanda mara ya pili umempita kimo.

Mwalimu mwenzangu, kabla hujaenda kitaluni kuomba miche, andika kwanza majina ya watakaomwagilia mwezi wa sita. Omba miche inayotosha majina hayo, usizidishe.